Kombaini inamwaga mpunga: anza na kichwa kabla hujafungua ngoma

Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba hivi ukipita huku Mbarali mkoani Mbeya, Ubaruku, Rujewa, Igurusi mpaka Madibira, lazima ukute kombaini imesimama katikati ya majaruba ya mpunga, opareta kachafuka grisi mpaka viwikoni, ngoma ya kupuria iko wazi, machekeche yametandazwa kwenye turubai, na ukiuliza kuna nini unajibiwa neno moja tu, "inamwaga". Wanahangaika na ngoma nusu siku, wanafunga, wanawasha, inamwaga vilevile. Na mara nyingi ni kwa sababu mpunga wenyewe haujawahi hata kufika kwenye ngoma, umepukutikia huku mbele, kwenye kichwa, yaani ile sehemu yote ya mbele inayokata mpunga na kuuingiza ndani.

Mi nimekaa kwenye hizi mashine misimu mingi, nilianza kwa kushika magunia kule nyuma, baadae nikakaa kwenye kiti, sasa hivi nashika zaidi spana. Kitu ambacho natamani kila anayeanza kuendesha akijue ni kwamba kichwa ndio kinagusa mpunga kwanza, na kikikosea hakuna kitu huko nyuma kinachoweza kurekebisha. Punje ikishadondoka kwenye tope imeshakwenda, hata uwe na ngoma mpya kabisa.

Tuelewane majina kwanza maana kila kijiji kina ya kwake. Rili ni lile gurudumu kubwa la juu linalozunguka na kuuleta mpunga ndani, na vile vijiti vyake vinavyoning'inia nitaviita chanuo. Kisu ni ule upanga mrefu wenye meno ya pembetatu unaokwenda kushoto kulia, na vyuma vyenye ncha vinavyotangulia mbele yake ni vidole. Oga ni lile pipa refu lenye skrubu linalosukuma mpunga kuja mdomoni, na lina vijiti vyake vinavyotoka na kuingia. Shingo ni ile njia ya cheni inayopandisha mpunga kwenda kwenye ngoma. Basi, hivyo ndio vifaa vya mbele karibu vyote.

Zima, toa ufunguo, weka chuma

Hapa sitaki mchezo. Kabla hujaingiza mkono kwenye kichwa zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni mwako wewe mwenyewe, na kama unaingia chini ya kichwa shusha kile chuma cha kuzuia jeki, kama hakipo weka gogo zito. Usiamini jeki ya haidroliki hata ikiwa mpya. Na kisu kina hatari watu hawaijui, ukikizungusha kwa mkono ukiwa upande huu, meno ya upande ule mita mbili kutoka ulipo yanasogea vilevile, sasa kama kijana wako ameweka vidole kule anachomoa majani utajuta. Mwite kwa jina, akujibu, ndio uzungushe.

Jua kwanza unadondokea wapi

Kuna mama mmoja pale Ubaruku alinifundisha kitu hiki bila kujua kama ananifundisha. Nilikuwa nimevuna jaruba lake kama la ekari moja na nusu, tangi linajaa vizuri, mpunga msafi, nimeridhika. Akaja na ungo mkononi, akainama kwenye mabua, akakwangua kwa kiganja akanionesha, "Mwanangu, mashine yako inakula huku inatema." Nikaangalia, kiganja kimejaa punje. Nikageuka nyuma nikawaona wale kina mama na watoto wanaookota masalia wapo wengi nyuma yangu, na kwenye mashine ya jirani hakuna hata mmoja. Waokotaji wanajua kombaini ipi inamwaga kabla ya opareta.

Toka siku hiyo napima hivi. Natengeneza fremu ya mianzi mita moja kwa mita moja. Navuna kidogo mpaka mashine ishike kazi kawaida, nasimama ghafla, nakata mzunguko wa kichwa, narudi nyuma mita nne tano, nazima. Sasa nina sehemu tatu za kuweka fremu. Ya kwanza mbele kwenye mpunga uliosimama haujaguswa, hizo punje zilizo chini ni za upepo, ndege na kuchelewa, sio za mashine. Ya pili ni pale kichwa kilipopita lakini makapi ya nyuma hayajafika, hapo ndio pa kichwa. Ya tatu ni nyuma kabisa ambako pumba na majani yamemwagika, na hapo usipime sehemu moja tu maana makapi yanatoka katikati, pima katikati na pembeni zote mbili kisha tafuta wastani. Hesabu ya pili toa ya kwanza unapata upotevu wa kichwa, wastani wa nyuma toa hesabu ya pili unapata wa ngoma na machekeche.

Kuzigeuza punje kuwa kilo ni rahisi. Punje elfu moja za mpunga wetu zina uzito kama gramu 25 hivi, na ekari ina mita za mraba kama 4,047, kwa hiyo kila punje 100 kwenye fremu ni kama kilo 10 kwa ekari. Siku ile ya yule mama baada ya kutoa zilizodondoka zenyewe nilihesabu kama 600 pale kichwa kilipopita. Hizo ni kilo 60 kwa ekari, zaidi ya nusu gunia la kilo 100, na ukiwa na ekari kumi ni gunia sita zimebaki kwenye tope. Nyuma kulikuwa na punje hamsini tu za ziada. Yaani ngoma yangu ilikuwa haina kosa lolote, na mi mkononi nilishashika spana ya kufungulia ngoma.

Shida yenyewe ilikuwa rili, inazunguka kwa kasi sana.

Punje zimetapakaa mbele na chini ya kisu

Basi tuanze na hiyo rili maana ndio mkosaji mkubwa. Kazi ya rili ni kushika mpunga wakati kisu kinakata na kuulaza taratibu kwenye oga, haitakiwi kuupiga. Ncha ya rili inatakiwa iende kasi kidogo tu kuliko mashine inavyotembea, kama mara moja na robo hivi. Mfano, ukitembea mwendo wa mtu, mita moja kwa sekunde, hiyo ni kama kilomita 3.6 kwa saa, na rili yako ina kipenyo cha sentimita 90, basi mzunguko mmoja ni kama mita 2.8, kwa hiyo unataka mizunguko 25 mpaka 27 kwa dakika. Funga kitambaa chekundu kwenye chanuo moja, kaa kiti cha opareta, hesabu kinavyopita kwa nusu dakika. Kikipita mara 13 upo sawa, kikipita mara 22 ndugu yangu unapura mpunga ukiwa bado shambani.

Ukiona hivo punguza kasi ya rili, kwenye mashine zingine ni leva, zingine unabadilisha puli au sproketi. Kingine angalia urefu wake, chanuo ziguse mpunga chini kidogo ya masuke, zisipige masuke yenyewe kwa juu, ukipiga suke unadondosha. Na ukiisogeza rili nyuma sana juu ya oga inakuwa inachapa mpunga ambao umeshakatwa, nao unadondoka mbele ya kisu. Kwa mpunga uliosimama vizuri mi naiweka mbele kidogo ya kisu basi.

Ila na wewe jiulize kama mpunga haujachelewa kuvunwa. Wakati mzuri ni pale punje nyingi za suke, kama asilimia 80 mpaka 85, zimeshageuka rangi ya majani makavu, na unyevu uko kati ya asilimia 20 na 25. Wengi wetu tunasubiri kombaini wiki mbili tatu maana mashine ni chache na foleni ni ndefu, mpunga unakauka mpaka ukiushika tu unapukutika, hapo hata ufanye nini kutapotea. Unachoweza kufanya ni kupunguza, vuna asubuhi umande ukishaanza kukauka lakini jua halijawa kali, rili taratibu, mwendo taratibu.

Kisu kinatafuna badala ya kukata: soma mabua

Fundi mzuri akifika shambani haanzi kwenye mashine, anaanza kutembea kwenye mabua yaliyobaki. Mabua yanaongea.

Ukikuta mstari mmoja mwembamba wa mabua marefu unaokwenda moja kwa moja kufuata njia ya mashine, hiyo ni jino moja la kisu limevunjika au kidole kimoja kimepinda. Pima mstari uko umbali gani kutoka ukingoni, nenda kwenye kichwa pima umbali huohuo, utaweka kidole chako juu ya jino bovu bila kutafuta. Nimeshakuta jino limebaki nusu, ripiti moja (ile pini inayolishikilia) imekatika na ya pili imelegea, linacheza ukiligusa, na ukiacha hivo kesho litalala likwame kati ya vidole viwili likate kisu chote.

Ukikuta mabua upana wote yamechanika kwa juu kama mswaki wa mti, mengine yameng'olewa na mizizi, kisu kimechoka au kinakwenda polepole. Na hapa kwenye polepole naomba tuelewane vizuri maana ni kosa la kila siku. Opareta akiona mpunga mzito anapunguza mafuta ya injini ili atembee taratibu na abane dizeli. Ukipunguza mafuta umepunguza kila kitu, kisu, oga, cheni ya shingo, ngoma, feni, vyote vinalegea kwa pamoja, mashine inaziba halafu unalaumu mkanda. Injini iache kwenye mizunguko yake ya kazi kama kitabu cha mashine kinavyosema, mwendo punguza kwa gia au kwa leva ya mwendo. Nimeona mashine inasemekana imekufa kisu, tumekwenda kuongeza mafuta tu imekata kama wembe.

Kama injini iko sawa angalia mkanda wa kisu, ukiwa umelegea au umeingia mafuta unateleza, ushike uone kama una moto kuliko mingine. Kisha ile boksi ya kuendesha kisu, shika kichwa cha kisu kisukume na kukivuta kwa mkono, kikicheza bila boksi kuzunguka kuna bushi au beringi imeisha. Kisha vishikio vinavyokandamiza kisu kwa juu, nafasi kati ya kishikio na jino isizidi nusu milimita, kama karatasi nne tano za daftari. Ikizidi hapo majani yanaingia kati yanakunjika badala ya kukatwa, ni sawa na mkasi uliolegea msumari, hata uunoe vipi haukati. Lakini usigonge vishikio mpaka kisu kikabanwa, kikipata moto kitakatika. Ukimaliza kisu kisukumike kwa mkono bila kukwama popote.

Jambo lingine halijulikani sana. Kwenye vichwa vingi kisu kikifika mwisho wa safari yake kushoto au kulia, katikati ya jino panatakiwa pakutane na katikati ya kidole. Zungusha kwa mkono mpaka mwisho uangalie. Kama jino linaishia nusu ya njia, unakata kwa nusu ya meno, na mtu ananunua kisu kipya bure wakati ni kurekebisha mkono wa kuendeshea tu.

Mabua yakiwa marefu upande mmoja mafupi upande mwingine, kichwa kimelala au matreki (ile mikanda ya kutembelea) ya upande mmoja yamezama. Yakiwa na mawimbi, juu chini juu chini, unakimbia sana kwenye jaruba lenye mashimo.

Ukienda kununua meno nenda na jino la zamani mkononi. Kombaini kubwa za ngano za kule Hanang na Narok nyingi zinatumia jino la upana wa milimita 76, yaani inchi 3, hizi zetu ndogo za mpunga ni tofauti na zenyewe kwa zenyewe hazifanani. Niliwahi kuuziwa meno duka fulani mjini nikaambiwa yanaingia mashine zote, tundu moja likakubali la pili likakataa, kijana akayatoboa upya, tulikata nusu ekari yakaanza kuruka. Na ukibadilisha badilisha pamoja na kidole kama kingo zake zimekuwa za mviringo, jino jipya kwenye kidole kilichochoka ni hela imepotea.

Mpunga unajazana mbele ya oga kisha unaingia kwa bonge

Dalili yake unaisikia kabla ya kuiona. Mashine inakaa kimya kidogo, kisha inaguna "mmmh", moshi mweusi, inakaa kimya tena, inaguna tena. Mpunga unakaa pale kati ya kisu na oga mpaka ukishakuwa lundo ndio oga inaunyakua wote kwa mara moja. Ngoma nayo inapokea bonge, inapura vibaya, punje zinatoka nyuma na majani. Ndio maana nakwambia hata ukiona upotevu wa nyuma usikimbilie machekeche, kaa dakika mbili usikilize, kama muungurumo unapanda na kushuka chanzo kiko mbele.

Cha kwanza angalia nafasi kati ya skrubu ya oga na sakafu ya kichwa. Mi naanzia milimita 10 mpaka 15, naweka pande zote mbili sawa, mpunga ukiwa mzito na majani mengi naipandisha kidogo. Ikiwa juu sana haishiki mpunga mfupi, ikiwa chini sana inakwaruza na kusaga punje. Cha pili ni rili kuwa mbali sana mbele au juu sana, kunakuwa na kipande cha katikati ambapo mpunga haushikwi na rili wala oga, umekaa tu yatima. Isogeze nyuma na chini mpaka chanuo zipite karibu na oga bila kugusana, na hakikisha hilo ukiwa umezima, zungusha kwa mkono mzunguko mzima, maana chanuo moja iliyopinda ikiingia kwenye oga au kwenye kisu imekula siku yako.

Cha tatu ni vile vijiti vya oga. Vinatakiwa vitoke kwa urefu wote upande wa mbele na chini, vikamate, kisha vikifika mdomoni mwa shingo vizame ndani viache mpunga uende. Vikichelewa kuzama vinauzungusha mpunga juu ya oga na kuurudisha mbele. Pembeni mwa oga mashine nyingi zina leva au bamba lenye matundu la kurekebisha hapo. Na vile vibamba vya nyuma ya oga vya kukwangua majani, vikiwa mbali na skrubu majani yanapita yanazunguka na oga, utaikuta imevaa majani kama mtu aliyejifunga blanketi.

Ukisikia "kakakaka" kwa kasi na oga imesimama, hiyo ni klachi ya usalama inateleza, inakwambia kuna mzigo. Toa mzigo. Watu wanakaza springi za klachi mpaka zinagandana, halafu kipande cha mti kinaingia, klachi haiwezi kuteleza tena, kinachokatika ni shafti au cheni. Kaza kidogo tu kama unajua imelegea kweli.

Shingo ikiziba mara kwa mara wakati oga inafanya kazi vizuri, angalia cheni yake. Imelegea, bamba zake zinagonga sakafu, au upande mmoja umekaza kuliko mwingine zinakwenda mshazari. Zikaze sawasawa pande zote, zipite karibu na sakafu bila kukwaruza. Na kama ni saa moja asubuhi na majani yamelowa umande, mashine haina ugonjwa, subiri jua. Tunashindana kuanza mapema, mwisho wake tunakaa kuchomoa majani mabichi shingoni mpaka saa nne, saa ambayo tungeanza kazi kawaida.

Mpunga umelala

Hapa ndio panapotofautisha opareta na dereva. Mbegu ya SARO 5 ni fupi, inavumilia, ila Supa ni ndefu, ukiipa mbolea nyingi au mvua na upepo vikija wakati suke limejaa inalala kama mkeka. Mtu anashusha kichwa mpaka chini anachota mpunga na udongo, mashine inanguruma, mchanga unaingia kwenye oga, kwenye machekeche, kwenye gunia, na mnunuzi akitia mkono kwenye gunia akaona tope bei ndio hiyo imeshuka.

Anza kwa kuangalia umelalia wapi. Ukiufuata kwa kule ulikolalia, kisu kinapita juu yake na kuacha masuke chini. Ukiukabili, yaani masuke yakawa yanakuelekea wewe, au ukaingia kwa mshazari, chanuo zinapata pa kuingilia. Itabidi uvune upande mmoja urudi mtupu, inakula dizeli ndio, lakini pima kwa fremu uone tofauti, mi nilipopima sikurudi tena nyuma.

Rili isogeze mbele na ishushe mpaka chanuo zifike chini ya mpunga kabla kisu hakijafika, halafu geuza pembe ya chanuo zielekee nyuma kwenye mashine ili zichote na kunyanyua kama mtu anavyochota nyasi kwa vidole. Kwenye mpunga uliosimama chanuo zinaning'inia wima, wengi wanaziacha hivohivo msimu mzima, leva ya pembe imeshika kutu haijawahi kuguswa. Hapa ndio kasi ya rili unaruhusiwa kuiongeza kidogo. Mwendo punguza sana, na kama mpunga ni mzito chukua nusu ya upana wa kichwa.

Kama una vinyanyua mpunga, vile vyuma virefu vya kuchomeka kwenye vidole vinavyotambaa chini na kuinua masuke, vifunge kwa kuruka vidole kadhaa, usifunge kila kidole, vinabana majani. Ncha zake ziguse ardhi kidogo bila kulima. Vinafaa kwenye ardhi iliyokauka tu, kwenye tope vinabeba udongo na kupinda, afadhali uvitoe. Na viatu vya chini ya kichwa rekebisha ili kichwa kisiweze kushuka kugusa ardhi hata ukisahau leva.

Kichwa hakipandi, au kinashuka chenyewe

Kikipanda polepole angalia kwanza oili ya haidroliki, kiwango na rangi. Ikiwa na povu kuna sehemu pampu inanyonya hewa, mara nyingi paipu la kunyonyea limelegea klipu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa imeingia maji. Kiwango kikiwa sawa angalia chujio, kisha mkanda wa pampu.

Kikishuka usiku kucha sentimita kadhaa usihangaike. Kikishuka ndani ya dakika chache mbele ya macho yako, pangusa fimbo ya jeki na kitambaa kikavu, nyanyua kichwa, weka chuma cha kuzuia kwa chini lakini kikiwa bado hakijagusa, subiri ukiwa umekaa mbali. Fimbo ikilowa oili, sili ya jeki imekufa, na ukiipapasa utakuta mara nyingi kuna mkwaruzo wa jiwe ndio uliochana sili, kwa hiyo sugua mkwaruzo kwanza kabla ya kuweka sili mpya. Fimbo ikiwa kavu na hakuna paipu linalovuja, oili inarudi kupitia vavu, hapo kuna uchafu umekaa au imeisha, na hiyo kazi ya vavu mpe fundi wa haidroliki aifungulie mahali pasafi, usiifungulie jarubani na upepo unavuma pumba.

Vitu vya kuwa navyo mashineni

Mi siendi shambani bila meno ya kisu kumi na ripiti zake au bolti zake, vidole viwili vitatu, chanuo kadhaa, mkanda mmoja wa kisu, kiungo cha kila cheni ya mbele, grisi na pampu yake. Grisi za kichwa piga kila siku kabla ya kuanza, beringi za rili, pande mbili za oga, boksi ya kisu, na ukipiga angalia inatokea upande wa pili, maana nimeshakuta nipuli (kile kichuchu cha kupigia grisi) imeziba na mtu anapiga grisi kila asubuhi inaishia nje.

Msimu ukiisha, kabla hujaegesha, nyanyua rili uweke chuma, osha kichwa chote hasa pembe za sakafu chini ya oga ambako udongo na punje vinagandana na panya wanapapenda, kiache kikauke juani siku nzima, legeza springi za klachi ili sahani zake zisigandane na kutu, chomoa kisu ukipake oili chafu kila jino pande zote mbili na ukifunge kwenye ubao mrefu ukining'inize ukutani. Hesabu meno yaliyovunjika siku hiyohiyo uandike kwenye daftari, maana mwezi wa tano ukirudi maduka yote yana foleni na meno ya saizi yako ndio yanakuwa yameisha.